Nukta Sita Majini

Kituo cha uokoaji
4 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu tulishakubaliana ni ya misiba tu. Mara ya mwisho tulianza na habari za hali ya hewa tukaishia kukatiana.

Nina shida ya kikazi, na wewe ndiye mtaalamu pekee ninayemfahamu ambaye hawezi kunidai nimlipe. Mwezi wa tano tunapimwa upya. Safari hii mkuu wa kituo amekaza uzi: kila mwokoaji alale kifudifudi juu ya ubao, apige mikono mpaka avuke mawimbi, azunguke boya la nje na kurudi kabla filimbi ya pili haijalia. Atakayechelewa anaondolewa majini. Na nyumba hii tunayoishi ni ya mwokoaji, si ya mtu wa kupanga viti na kuokota taka mchangani. Mke wangu ndiyo kwanza amemaliza kupaka rangi jikoni.

Swali langu ni hili. Niambie kwa lugha ya binadamu, mkono upite vipi kwenye maji ili ubao uende bila kulitesa bega? Siulizi kwa sababu bega linauma. Nauliza kwa sababu ya umri. Vijana wa hapa wanapiga mikono kama watu wanaofukuza nyuki, na bado wananipita.

Mdogo wako,
Pweza

*

Maabara
11 Machi

Pweza,

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wenye shahada, ingawa nadhani hukulifikiria sana.

Hapa tuna tangi ambalo maji yanakwenda na mtu anabaki palepale. Muogeleaji anabandikwa vipande vya plasta nyeupe kwenye mabega, viwiko na vifundo vya mikono. Kamera inachukua, mashine inafuta kila kitu na kuniachia nukta sita zinazozunguka kwenye giza. Mimi siangalii mtu. Mtu ananichanganya, ana uso na ana visingizio. Nukta hazina.

Kwa hiyo nataka nukta zako. Jibandike plasta, lala juu ya ubao karibu na gati, mkeo asimame juu akushikie kamera. Kazi hiyo haihitaji kulowa, na najua yeye anaogopa hata maji ya kuoshea vyombo. Kadi ya kamera uitie kwenye bahasha. Niandikie pia urefu wa ubao wako, na urefu wa mkono kutoka begani hadi kiwikoni na kutoka kiwikoni hadi kifundoni.

Wakati unasubiri, anza na haya. Mkono ulionyooka ukiingia majini unaanza kwa kuyakandamiza maji kwenda chini. Hayo yanakuinua kifua tu, hayakupeleki popote. Ingiza vidole mbele ya bega, karibu na ukingo wa ubao, kisha kunja kiwiko mapema na kukiacha juu, vidole vikitazama chini. Hapo kiganja na mkono mzima hadi kwenye kiwiko vinakuwa kasia moja, na maji yanasukumwa nyuma, ambako ndiko tunakotaka yaende. Toa mkono unapofika nyongani. Ukivuka nyonga unakuwa unabeba maji, na hakuna aliyekutuma maji.

Vidole usivibane. Mwanya mdogo kati yao unasaidia.

Dada yako

*

Kituo cha uokoaji
19 Machi

Dada,

Shikamoo. Kadi imo humu ndani, nimeizungushia pamba isivunjike. Vipimo vyote nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Somo limeeleweka, lakini kulielewa na kulifanya ni vitu viwili. Utaona kwamba anaingiza kidole gumba kwanza badala ya vidole vyote, nimesema mpaka nimechoka. Mkono wa kushoto unakatisha njia, unapita chini ya ubao. Pua ya ubao nayo iko juu mno. Bahari siku hiyo ilikuwa shwari, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Mke wangu anasema asante kwa salamu zako za vyombo.

Ninakuomba kitu kimoja. Haya yabaki kati yetu wawili. Sijasahau barua uliyomwandikia mkuu wa kituo kuhusu sikio langu. Ilikuwa kwa nia njema, najua, lakini msimu mzima nilikaa langoni nikiwaonyesha watu vyoo viliko.

Pweza

*

Maabara
27 Machi

Pweza,

Marahaba. Naona umeanza kujiita "yeye". Wafalme huwa hivyo, na watu waliopigwa na jua. Kaa kivulini.

Nukta zimekuja safi. Uliyoyasema kuhusu kidole gumba na mkono wa kushoto ni kweli, na nimeshangaa kwamba uliyaona mwenyewe, maana mtu aliyelala juu ya ubao kwa kawaida haoni hata nusu ya anachokifanya. Kidole gumba kikitangulia, mkono mzima unajipinda kwa ndani na bega linabanwa pale juu kila unapoanza kuvuta. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuliua bega. Geuza kiganja kitazame chini unapoingia.

Mkono wa kushoto unavuka kwa sababu kichwa chako kinageukia upande huo. Kila mara unaangalia gati. Sijui unatafuta nini huko. Angalia mbele.

Kuhusu pua ya ubao, sogea mbele mpaka ncha ibaki juu ya maji kwa upana wa vidole viwili hivi. Ubao ulioinua pua unasukuma maji kama sinia. Miguu ifunge pamoja, haina kazi, isiwe inaning'inia huku na huku. Na mkono unaporudi mbele, ulegeze. Wengi wanachoka wakati wa kurudisha mkono, si wakati wa kuvuta, kwa kuwa wanaubeba hewani wakiwa wameukaza kama wamebeba ndoo.

Nasubiri kadi ya pili.

Dada yako

*

Kituo cha uokoaji
5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kadi ya pili hii hapa, na safari hii mawimbi yalikuwepo. Angalia jinsi kichwa kilivyotulia.

Sasa nina ombi. Mkuu anasema sisi tuliovuka umri fulani tupeleke cheti cha mtaalamu kwamba viungo vinafaa kwa kazi. Maabara yenu inaandika vyeti hivyo, wenzangu wawili walileta vya kwenu mwaka jana. Ukiona nukta zinaridhisha, tafadhali andika umtumie mkuu moja kwa moja. Kunipima mwili si lazima, umeshaniona nikifanya kazi.

Nakuomba sana. Bila cheti hata kwenye ubao sipandi, na kabla mwezi wa sita haujaanza tutakuwa tumeshahama.

Pweza

*

Maabara
12 Aprili

Pweza,

Marahaba. Nimeziangalia nukta zako asubuhi nzima, na nikamwita mwenzangu wa chumba cha pili aje azione. Kiwiko kinabaki juu, kiganja kinashika maji mapema, njia ya mkono imenyooka kando ya ubao hadi nyongani na inaishia palepale. Kwenye wimbi la pili umeacha kuvuta, ukasubiri, ukaanza tena mwendo mfupi wa haraka. Hilo sikukufundisha. Sikujua kwamba unaweza kuambiwa jambo mara moja ukalifanya. Miaka yote nilidhani kichwa chako ni jiwe la kusagia.

Cheti nimetia sahihi leo na kimeondoka kwa posta ya mchana. Siku hizi ni mara chache napata kazi inayonifurahisha, na hii imenifurahisha.

Mwambie mkeo kwamba ameishika kamera vizuri. Ni jambo la kwanza kumsifia.

Dada yako

*

Maabara
16 Aprili

Wifi,

Hatujawahi kuandikiana, na ukiichana barua hii kabla hujaimaliza nitaelewa. Tafadhali maliza kwanza.

Jana nilitaka kukokotoa nguvu ya kila mvuto, nikaingiza vipimo vya mkono wa Pweza kama alivyoniandikia. Kazi hiyo ilitakiwa kufanyika kabla ya kutia sahihi cheti, ndivyo ninavyowafundisha wengine. Hesabu ikagoma. Nikilinganisha na urefu wa ubao, mkono ulioko kwenye filamu ni mfupi kuliko wake kwa upana wa kiganja kizima. Nilidhani plasta imebandikwa vibaya, nikaandaa maneno makali. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwanzo. Nikafungua filamu yenyewe, isiyofutwa kitu.

Ni wewe. Umevaa nguo yake ya kuogelea ya mikono mirefu, imekupwaya mgongoni. Mwishoni unashuka kwenye ubao, unavua kofia na kukamua nywele. Na juu ya mbao za gati kuna kivuli cha mtu aliyeshika kamera kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umebanwa tumboni. Ndugu yangu hata kijiko hajawahi kukishika kwa kushoto.

Kwa hiyo mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikampa mtu nisiyemwona cheti cha kuingia kwenye mawimbi makubwa. Nimekasirika, lakini hasira siyo iliyonikosesha usingizi. Naogopa atalala kwenye ubao ule siku ya mtihani, mkono utagoma pale katikati, na karatasi inayomruhusu itakuwa na jina langu.

Niambie ukweli. Anaweza kuunyanyua mkono wa kulia hadi kichwani?

Wifi yako

*

Kituo cha uokoaji
20 Aprili

Wifi,

Sijaichana. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa.

Hawezi. Shati namvalisha mimi. Kikombe kikiwa kwenye rafu ya juu ananiita, na anajitia anakuja kunisalimia jikoni. Bega liliumia msimu uliopita alipomvuta mtu mzito kumpandisha kwenye ubao. Alisikia kitu kikikatika humo ndani, akamfikisha mtu wake nchi kavu, akaandika kwenye ripoti kwamba mambo yote ni salama. Tangu siku hiyo anapiga chenga. Zamu za kukaa mnarani anazichukua zote, na wenzake wanadhani amekuwa mvivu.

Mpango ulikuwa wake, lakini nisijifanye malaika, nilikubali. Alisema wewe ukiona nukta za bega bovu utamwandikia mkuu siku hiyohiyo. Basi mimi niingie majini na yeye asimame gatini aone mkono unavyopita, ili siku ya mtihani aupitishe hivyohivyo bila kulichokoza bega. Ndiyo maana nilikuwa naangalia gati. Alikuwa ananielekeza. Kila jioni anakaa ukingoni mwa kitanda anapiga hewa kwa mkono mmoja, ule mzima, na kunieleza kwamba wa pili utaufuata tu siku ikifika. Namwitikia. Sijui kwa nini namwitikia.

Na kuogelea alinifundisha yeye, mwaka wa kwanza wa ndoa. Wewe hukuwahi kuuliza. Barua zako zinasomwa kwa sauti hapa nyumbani, wifi. Ile ya vyombo ilisomwa nikiwa nimesimama mlangoni natiririka maji, nikacheka mpaka nikakaa chini. Ile ya juzi, ya kiwiko na wimbi la pili, niliichukua nikaisoma tena peke yangu. Ulikuwa unamvika yeye kilemba, na kichwa kilikuwa changu.

Nikwambie jambo ambalo yeye simwambii. Siku ile wimbi la pili lilipopita chini yangu bila kunirudisha, nilisahau kabisa kwamba nilikuwa napiga mikono kwa niaba ya mtu. Nilitaka la tatu.

Ninakusihi, usimwandikie mkuu. Nipe siku chache aende akaseme mwenyewe. Akisema kwa mdomo wake ataweza kupita mbele za watu. Ukisema wewe tena, itakuwa ile ya sikio mara ya pili.

Wifi yako

*

Kituo cha uokoaji
21 Aprili

Dada,

Leo nimeitwa ofisini. Barua yako ya kufuta cheti ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha chai cha mkuu. Tarehe ni ya siku ileile uliyomwandikia mke wangu kumwuliza. Yaani uliuliza swali na hukungoja jibu.

Mkuu aliniambia ninyanyue mkono. Nilinyanyua mpaka ulipoishia. Wenzangu walikuwa mlangoni.

Hukukosea. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba hata nafasi ya kukulaumu hukuniachia. Lakini mtu mwingine angepanda basi akaja. Ungekuja ukaniangalia usoni ukaniambia, "Pweza, huwezi." Ningekuamini.

Usiniandikie kwa sasa.

*

Maabara
26 Aprili

Wifi,

Barua yako ilinifikia siku moja baada ya ya kwake, na zote mbili ninazo hapa. Nimejiuliza kama ningengoja, jibu lako lingenibadilisha. Hapana. Ningeandika vilevile. Lakini anasema kweli kuhusu basi. Basi lipo, linapita mbele ya maabara kila asubuhi, na halikunijia akilini. Inaniuma kwamba halikunijia.

Jana mkuu wenu wa kituo alinipigia simu. Anauliza kama niko tayari kuandika cheti kwa mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, aliyejiandikisha kufanya mtihani kwa jina lake mwenyewe na kukana kwamba ametumwa na mumewe. Hukuniambia. Nimeshazoea, nyumba hiyo ina watu wawili na midomo sifuri.

Nimekiandika. Safari hii nimeangalia filamu, na nimekuangalia wewe. Vipimo vyako sikuwa navyo, nimevichukua kutoka kwenye picha na nimesema hivyo kwenye cheti, ili mkuu akupime mwenyewe kabla hujaingia.

Sasa sikiliza kuhusu njia. Kwenda, usishindane na wimbi linalovunjika. Maji yanayokuja yana nguvu kuliko mkono wowote niliowahi kuupima. Likikaribia, sukuma pua ya ubao chini, lipite juu yako, na uanze kuvuta ubao unapopanda. Penye maji tulivu tumia mvuto mrefu, usihesabu mikono ya wenzako. Wao watapiga mingi, wewe utakwenda mbali kwa michache. Ukizunguka boya utachoka ghafla, karibu kila mtu huchoka hapo, na mkono wa kushoto utataka kurudi chini ya ubao. Kumbuka kichwa. Kurudi, wimbi likikubeba mgongoni, vuta mara chache fupi za haraka kisha uache likupeleke.

Kama mkono ukigoma, kaa juu ya ubao na unyanyue mwingine wakufuate. Nimeandika sentensi hii mara tatu. Mimi ni mtu wa nukta, wifi, sijazoea kuogopa kwa ajili ya mtu mwenye nywele za kukamua. Naogopa.

Yeye usimwambie kwamba nimemwuliza hali. Namwuliza hali.

Wifi yako

*

Kituo cha uokoaji
9 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nilisema usiandike, na hukuandika. Mara nyingine unasikia mambo usiyotakiwa kuyasikia.

Amepita. Walikuwa watu saba na yeye alirudi wa nne, kabla filimbi ya pili haijaguswa. Mkuu alimpa mkono na kumwambia aripoti Jumatatu. Nyumba tunabaki nayo. Mimi nimepewa redio na darubini mpaka bega litakapopasuliwa, na baada ya hapo tutaona, ingawa kwa namna daktari alivyolishika bega nimeona tayari. Nimelia, ukitaka kujua. Nililia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Nilifikiri siku ya mtihani ndiyo itakuwa ngumu. Kumbe siku hiyo nilikuwa mwalimu. Kila mvuto wake nilikuwa nao, naona kiwiko, naona kichwa, nasema moyoni vuta, acha, vuta. Kwenye boya mkono wa kushoto ulianza kupotea, akaurudisha mwenyewe. Niliwaambia waliokuwa karibu yangu kwamba hiyo ni kazi ya dada yangu. Hawakuwa wameuliza.

Jana ndiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza yenye kazi. Bahari ilikuwa chafu, mtu amekokotwa na mkondo hadi nje ya boya. Mimi ndiye niliyemwona kwa darubini, mimi ndiye niliyetoa amri kwenye redio. Niliisikia sauti yangu ikimtaja, na yeye akawa ameshachukua ubao. Wimbi la kwanza akapita. La pili likavunjika juu yake, nikaona ubao tu. Halafu hata ubao sikuuona. Sikuwa nawaza viwiko wala vifundo, wala kitu chochote ulichotuandikia. Nilishuka mnarani nikaenda mpaka maji yakanifika magotini, na hapo ndipo nilipofikia mwisho wa ninachoweza.

Alirudi naye. Yule mtu ni mzima, alitapika maji na akaomba simu yake. Mke wangu alikaa mchangani akihema, nikamuuliza kama bega linauma, akasema, "Ningeuliza hivyo mimi ungenijibu nini?" Nikaenda kumletea taulo.

Dada, kwa miaka yote niliyotoka majini nilimkuta mke wangu amesimama palepale mchangani, na kila mara nilimtania kwamba viti vimejaa kivulini na yeye anachomwa na jua bure. Sikujua alikuwa anafanya kazi gani pale. Panda basi uje. Na ukija unieleze, wewe ambaye umepima mikono ya watu maisha yako yote: anayebaki mchangani, yake anaiweka wapi?

Mdogo wako,
Pweza